Kumwandika Mtu Kazi

Siku hizi hakuna mtaa katika miji yetu usio na mtu aliyefungua kazi yake mwenyewe. Huyu ana vyerehani vitatu barazani, yule ana mashine ya kusaga mahindi, mwingine aunga vyuma, mwingine apasua mbao. Nasi twafurahi kuona hayo, kwa kuwa kazi ya mtu mmoja huzaa kazi ya watu wanne. Wenye nia ya kuanza hutujia mara nyingi, nao huuliza neno moja tu: «Mtaji tutaupata wapi?» Hatujamwona bado mtu wa kutuuliza: «Na hao tutakaowaita watusaidie, tutakaa nao namna gani?» Sisi wenyewe tulipoanza hatukuuliza hivyo. Tuliuliza baada ya kumdhulumu mtu. Kwa hiyo twataka kuwasimulia habari hiyo jinsi ilivyokuwa, bila kujipamba.

Tanuru katika lupango letu

Sisi ni mume na mke, nasi twakaa Lubumbashi, katika komini ya Katuba. Kazi yetu ni kuoka mikate. Tanuru tulilijenga kwa mikono yetu, kwa matofali ya kuchoma, nyuma ya nyumba. Mwaka wa kwanza hatukuwa na mtumishi hata mmoja. Saa nane za usiku tuliamka, tukakanda, tukawasha kuni, na kabla ya jua kuchomoza mikate ilikuwa imekwisha kupangwa katika mabeseni. Mmoja wetu alikwenda kuuza, mwingine alilala kidogo.

Wateja wakaongezeka, na nguvu zetu hazikutosha tena. Tukamwita mzee mmoja aliyejua sana kazi ya tanuru, akawa kapita wetu. Tukawaita vijana wawili wa kukanda, na mama mmoja wa kuuza sokoni. Tena alikuwako mtoto wa dada yetu, mwenye miaka 14, aliyeletwa kwetu kwa ajili ya masomo. Huyo hatukumhesabu kuwa mtumishi, tulisema ni mtoto wa nyumbani. Lakini usiku aliamka pamoja nasi, na asubuhi alisinzia darasani.

Kwa upande wa Serikali tulijiona watu wema. Tulikwenda kwenye Guichet Unique, tukaandikisha biashara yetu, tukapata namba yake katika daftari la biashara, kwa namna inayofuatwa tangu nchi yetu ilipoingia katika OHADA mwaka 2012. Karatasi ile tuliitia katika kioo, tukaitundika ukutani, nasi tukadhani mambo yamekwisha. Biashara ilikuwa imeandikwa. Watu wake hawakuandikwa.

Maana mapatano yetu na wale wanne yalikuwa ya mdomo tu. Tuliwaambia: «Njooni kesho, tutasikilizana.» Mshahara tulilipa fedha zilipokuwapo. Mwezi ulipokuwa mgumu tuliwapa nusu, tukasema nusu nyingine itafuata. Mtu akiomba mkopo mdogo, au akichukua mikate ya kupeleka kwake, tuliandika katika daftari la shule la watoto, au tulitia moyoni tu. Mwisho wa mwezi wao walikuwa na hesabu yao, nasi tulikuwa na yetu, na hesabu iliyoshinda ilikuwa ya mwenye mfuko. Wazee wamesema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tuliona kwamba hata haki ya mtu hupotea vivyo hivyo.

Magunia mawili ya unga

Siku moja tulihesabu unga katika ghala, tukaona umepungua karibu magunia mawili ya kilo 50. Kwa nyumba ndogo kama yetu hiyo ni hasara kubwa. Ufunguo wa ghala ulikuwa kwetu, lakini kijana mmoja wa kukanda ndiye aliyetumwa kila usiku kuleta unga. Hatukutafuta zaidi. Tulimwita mbele ya wenzake, tukamwambia: «Wewe umekula unga wetu. Toka, usirudi tena.» Akajibu: «Baba, Mama, mimi sikuchukua kitu.» Hatukumsikiliza. Alikuwa amefanya kazi kwetu mwaka mmoja na miezi minne, na mwezi ule siku 18. Zile siku 18 hatukumlipa. Tulisema moyoni ya kuwa ni fidia ya unga. Kapita alikuwa amesimama karibu na tanuru, akatazama chini, asiseme neno.

Jumapili iliyofuata, watu walipokuwa wakirudi kutoka Misa, mama yake kijana alikuja kwetu pamoja na mjomba wake. Hawakuja kwa kelele. Walikaa, wakakubali maji ya kunywa, kisha mjomba akasema: «Baba, Mama, hatukuja kugombana. Kama mtoto ameiba, tuonyesheni, nasi tutalipa. Kama hamwezi kutuonyesha, twaomba siku zake 18. Mdogo wake amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo.» Tulijibu kwa maneno mengi, lakini cha kuonyesha hatukuwa nacho. Walipoondoka, chakula cha mchana hakikutupita kooni.

Jioni tulikwenda kwa mzee jirani yetu, aliyekuwa karani wa mambo ya kazi mpaka alipostaafu. Tulitumaini atatupa haki. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: «Mlimwandikia mkataba?» Tukasema hapana. «Mlimpa barua ya kumwachisha?» Hapana. «Mlimpa nafasi ya kujitetea?» Tukanyamaza.

Akaingia ndani, akaleta kitabu cha sheria ya kazi, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyogeuzwa katika sehemu kadha tarehe 15 Julai 2016. Akatufundisha kwa upole. Kwanza, mkataba usipoandikwa, hiyo haina maana ya kuwa haupo. Sheria hudhani kwamba mkataba huo hauna mwisho uliowekwa, mpaka yuko atakayeonyesha vingine, na hivyo mtumishi hulindwa zaidi, wala si mwajiri. Pili, mwajiri akitaka kumwachisha mtu kwa sababu ya mwenendo wake, yampasa kwanza kumwachia ajieleze. Tatu, asipokuwa na kosa zito lililothibitika, lazima ajulishwe mbele: siku 14 za kazi, tena siku saba za kazi kwa kila mwaka mzima aliotumika. Kwa kijana wetu hizo zilikuwa siku 21. Mzee akamaliza hivi: «Wizi ni kosa zito, ndiyo. Lakini wizi huo mmeuona, au mmeuota?»

Kopo jipya

Usiku ule tuliamka mapema kuliko desturi, tukamkuta kapita peke yake. Tukamwambia: «Mzee, wewe unajua jambo. Tuambie.» Alifuta mikono yake polepole, akachukua kopo la kupimia unga, akaliweka mbele yetu. «Kopo hili si lile la zamani.»

Ilikuwa kweli. Kopo la kwanza lilikuwa limetoboka, na mmoja wetu alinunua jingine sokoni wiki mbili kabla ya siku ile ya hesabu. Tulilipeleka kwenye mizani. Kopo la zamani lilichukua kilo mbili, hili lilichukua kilo mbili na robo. Kila usiku tulitumia makopo 30. Basi kila usiku kilo saba na nusu za unga zilizidi, na kwa siku 12 za kazi zikawa kilo 90. Maji kwetu hutiwa kwa kupima unga mkononi, kwa hiyo hakuna aliyesikia tofauti katika kukanda. Wateja ndio waliosikia. Siku zile walikuwa wakitusifu sana: «Mikate yenu siku hizi ni mikubwa!» Nasi tulicheka kwa furaha. Unga wetu wote ulikuwa umetoka kwa mlango wa mbele, ndani ya mikate, mbele ya macho yetu.

Tukamwuliza kapita: «Kwa nini hukusema siku ile?» Jibu lake hatutalisahau. Alisema: «Mama, kijana alisema, hakusikilizwa. Mimi ni mzee, nina wajukuu. Ningefukuzwa pia, ningekwenda wapi? Sina karatasi hata moja inayosema kwamba nafanya kazi hapa.»

Tulifahamu ndipo ya kuwa kumfukuza mtu pasipo kumsikia hakumwumizi yeye peke yake. Huwafunga midomo wote wanaobaki. Na bwana ambaye watu wake wamefungwa midomo hatajua kamwe kopo lake likibadilika.

Karatasi ya kwanza

Tulikwenda kwa kijana kabla ya Jumapili nyingine. Tulimkuta akibeba mizigo sokoni, na wenzake walikuwa wamempa jina baya kwa sababu ya unga wetu. Tulimwomba msamaha mbele ya mama yake na mjomba wake. Tulimlipa siku zake 18, na zile siku 21 alizostahili kujulishwa. Tukamwambia nafasi yake ipo, arudi.

Alikaa kimya, kisha akasema: «Baba, Mama, nimesamehe. Lakini kurudi hapana, nimeahidiwa kazi mahali pengine. Naomba neno moja tu. Niandikieni karatasi ya kuonyesha kwamba nilifanya kazi kwenu, na kwamba sikuiba.» Tuliketi palepale tukaandika: tarehe aliyoanza, tarehe aliyoondoka, kazi aliyoifanya, na maneno yale aliyoyaomba. Baadaye mzee jirani alitufahamisha ya kuwa hati ya mwisho wa kazi ni haki ya kila mtumishi anayeondoka, wala si zawadi ya bwana wake. Basi karatasi ya kwanza tuliyopata kumwandikia mtumishi wetu ilikuwa karatasi ya kuondoka kwake. Karo ya mdogo wake ililipwa, lakini wiki alizokosa masomo hatukuweza kuzirudisha.

Katika lugha yetu kumpa mtu kazi ni kumwandika. Babu zetu walisema: «Ameandikwa kazi», hata kama yeye mwenyewe hakujua kusoma. Neno hilo tulilitumia kila siku, na kalamu hatukuishika.

Mambo tuliyojifunza

Tangu hapo tulianza upya, nasi twawapa hapa yale yatakayowafaa wenye kazi ndogo kama yetu.

Mkataba uandikwe siku ya kwanza: majina, kazi, mahali, saa, mshahara, tarehe ya kuanza, na sahihi za pande mbili. Kila mmoja awe na karatasi yake. Ukitaka kumjaribu mtu kwanza, andika hilo pia. Kujaribu mtu asiye na ufundi maalum hakupiti mwezi mmoja, na kwa wengine hakupiti miezi sita.

Saa za kazi zina mpaka. Sheria yataja saa tisa kwa siku na 45 kwa juma, na mtu apewe pumziko lake la juma, ambalo kwa kawaida ni Jumapili. Sisi tulihesabu saa za usiku wetu, tukaona kapita alikuwa akipita 60. Tuligawanya kazi kwa zamu. Kila mwaka mtu apate likizo, ambayo wengi kwetu huiita konji: kwa uchache siku moja ya kazi kwa kila mwezi mzima aliotumika, na siku moja na nusu akiwa hajatimiza miaka 18.

Mshahara una siku yake, wala hautegemei wingi wa wateja. Kiasi cha chini kabisa huwekwa na Serikali, nacho hubadilika mara kwa mara. Kwa hiyo uliza kwenye ofisi ya mkaguzi wa kazi kabla ya kupatana. Mlipapo, mpe mtu karatasi ya hesabu: alichostahili, kilichokatwa na sababu yake, alichopokea. Tangu tulipoanza kufanya hivyo, ugomvi wa mwisho wa mwezi umekwisha kabisa.

Kuna tena CNSS, iliyochukua mahali pa INSS ya tangu mwaka 1961. Kila mwajiri yampasa kujiandikisha humo pamoja na watu wake, hata akiwa na mtumishi mmoja. Katika kila faranga 100 000 za mshahara, mwajiri huongeza 13 000 kutoka mfukoni mwake, na mtumishi hukatwa 5 000. Jumla ni 18 000. Fedha hizo ni kwa pensheni ya uzee, kwa posho ya watoto, na kwa ajali za kazini. Anayemkata mtumishi zile 5 000 asizipeleke, huyo ameiba kweli, hata kama hakuna gunia lililopungua. Kuna pia michango ya INPP, iliyoundwa mwaka 1964 kwa kufundisha watu ufundi, na ya ONEM, na kodi ya mshahara. Mpe karani anayejua akuonyeshe mara ya kwanza, kisha fanya mwenyewe.

Lakini angalieni: ugonjwa wa kawaida wa mtumishi na jamaa yake hauko katika hesabu hiyo. Kumtibu ni mzigo wa mwajiri. Sisi tulipatana na zahanati iliyo karibu, watu wetu huenda na karatasi yetu, nasi hulipa mwisho wa mwezi. Na mwaka jana mama yetu wa sokoni alipojifungua, tulijifunza pia ya kuwa ana haki ya majuma 14 ya pumziko, na theluthi mbili za mshahara wake, wala haruhusiwi mwajiri kumwachisha wakati huo. Mmoja wetu alikwenda tena sokoni na beseni kichwani, kama zamani.

Na yule mtoto wa dada yetu? Sheria haikubali mtoto wa chini ya miaka 16 aandikwe kazi, na kumwita mtoto wa nyumbani hakubadili saa nane za usiku ziwe saa mbili za asubuhi. Sasa hulala mpaka kengele ya shule. Unga hauguswi naye ila siku ya kupika chapati za jamaa.

Mzigo ni mzito, lakini

Hatutawadanganya. Tulipopiga hesabu ya hayo yote mara ya kwanza, tuliogopa. Usiku mmoja tulisema afadhali kurudi wawili peke yetu. Kilichotuokoa ni kutenga mifuko. Zamani fedha za mikate na fedha za nyumba zilikaa katika sanduku moja: mgeni akija, kilio kikitokea, sanduku lilifunguliwa. Sasa fedha za kazi zina sanduku lake, na sisi wenyewe tumejiwekea mshahara kama wengine. Kila jioni ya kuuza twatoa kwanza sehemu ya mishahara na michango, ndipo unga na kuni, ndipo sisi. Kuna miezi tunayobaki na kidogo kuliko kapita wetu. Miezi hiyo twajua kosa liko kwetu katika kununua au katika kuuza, wala hatulitafuti katika mfuko wake.

Nanyi wanafunzi, ambao kesho mtaandikwa kazi na wengine, msione haya kuomba karatasi siku ya kwanza. Kuomba hivyo si kumtukana bwana wa kazi. Bwana mwema atafurahi, na yule atakayekasirika amekwisha kuwaambia jambo mlilohitaji kulijua.

Kopo lile jipya tunalo bado. Tulilikata ukingo wake mpaka likachukua kilo mbili barabara. Kila Jumamosi kapita hulipeleka kwenye mizani mbele ya wote, na aonaye tofauti husema. Juzi kijana mpya, aliye kwetu miezi mitatu tu, alitwambia mbele ya wenzake: «Baba, jana mmekosea hesabu ya mabeseni.» Tulihesabu tena pamoja naye. Alikuwa na haki.